Suzuki Jimny Nairobi: wenye nayo wanasifu nini, wanalalamikia nini, na kipi kinatengenezeka

Lalamiko la kwanza la mwenye Jimny mpya hapa Nairobi huwa la mlima. Gari linateremka raha mustarehe hadi Mai Mahiu, lakini wakati wa kurudi, likipanda kuelekea Kimende nyuma ya lori, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho na lori bado liko mbele. Wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani plagi zimekwisha au pampu ya mafuta imechoka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Injini ya Jimny hii, kizazi cha nne kilichozinduliwa Japani mwaka 2018, ni ya cc 1,462 na haina turbo. Nguvu farasi zake 101 hivi ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na kila silinda inavuta oksijeni kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko Limuru umeshapita 2,200. Kwenye kilima hicho unaendesha gari la nguvu farasi 80 hivi.

Hakuna ekzosi wala chipu itakayorudisha hewa hiyo. Dawa ni gia. Injini hii huvuta vizuri zaidi kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, kwa hiyo rudi gia ya tatu mapema, kabla kasi haijaanguka, na uiache ipige kelele. Haitaumia. Ukiwa na ya otomatiki, izuie isiingie gia ya nne, la sivyo itapanda na kushuka gia njia nzima, na mafuta ya giaboksi yatapata moto bila sababu.

Lalamiko la pili ni kelele kwenye barabara kuu, na hapa aina ya giaboksi ndiyo inayoamua. Gia ya tano ya manyuo (giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono) ina uwiano wa 1.000. Ukiuzidisha kwa difu (gia za mwisho kwenye ekseli) ya 4.090 na tairi la 195/80R15, unapata mizunguko kama 3,200 ukiwa kilomita 100 kwa saa. Otomatiki ina gia nne tu, lakini ya mwisho ni 0.697, hivyo kwa kasi ileile injini inazunguka karibu 2,350. Anayeishi Syokimau na kufanya kazi mjini, kisha kila mwezi akashuka Mombasa, achukue otomatiki na asione haya kwa wanaomcheka. Anayekwenda Magadi, Suswa na njia za mawe za Samburu achukue manyuo. Ukiweka 4L (magurudumu yote manne yanavuta, kwa gia za polepole) na gia ya kwanza ya manyuo, uwiano wote unafika 36 kwa moja: injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari linatambaa kwa kilomita tatu na nusu kwa saa bila mguu kwenye breki. Otomatiki inaishia 25 hivi kwa moja, na kwenye mteremko mkali utahitaji breki.

Sasa sifa. Wenye nayo husifu jinsi inavyopita mahali ambapo magari ya bei mara tatu yanakwama, na hilo si porojo. Gari lina uzito wa kilo 1,100 hivi, fremu ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na nafasi ya sentimita 21 chini ya difu. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela na Kajiado wakati wa masika, wepesi ndio silaha. Gari zito huvunja ganda la juu likazama hadi ekseli, Jimny hupita juu yake. Lakini udongo ule unajaza meno ya tairi mara moja. Usisimame katikati, na usikanyage mafuta kwa pupa: tairi likizunguka bure linajichimbia kaburi.

Jambo moja ambalo wamiliki wengi hawalijui ni breki zinazofanya kazi ya kufunga difu. Gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yakining'inia hewani, kompyuta hubana breki ya linalozunguka bure na kupeleka nguvu kwa lililokanyaga ardhi. Ukiwa 4L hufanya hivyo bila kupunguza nguvu ya injini. Kosa ni kuachia mafuta unaposikia mkwaruzo na gari kutikisika. Shikilia mguu palepale, ipe kompyuta sekunde moja au mbili, gari litasogea.

4H (magurudumu yote manne yanavuta, kwa gia za kawaida) nayo si ya lami, hata mvua ikinyesha Thika Road. Gari hili halina difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo humalizwa kwa kuteleza. Kwenye lami hujikusanya ndani ya shafti na gia hadi usukani uwe mzito na gari likatae kutoka 4H. Likikukatalia, rudi nyuma mita chache huku usukani umenyooka. Taa ya 4WD ikiendelea kuwaka na kuzimika, angalia kwanza mipira ya vakyumu (mabomba membamba ya kunyonya hewa) inayokwenda kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu, za mbele. Tawi la mti likiuchomoa mpira mmoja, habu haifungi, na mtu anauziwa sehemu za giaboksi asizozihitaji.

Ugumu wa gari, yaani kurukaruka kwenye matuta ya mtaa, unalalamikiwa sana, na nusu yake hutoka kwenye kituo cha petroli. Vijana wa pampu hujaza psi 35 kila gari. Jimny inataka 26 hivi ikiwa haina mzigo; soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, shusha hadi 22. Kwenye mchanga 16, kisha ujaze kabla ya kurudi kwenye kasi ya lami. Usibadilishe shokomzoba kabla ya kujaribu hilo, ni bure.

Lalamiko linalotisha ni usukani kutikisika kwa nguvu kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, hasa baada ya kupita shimo. Fundi wa haraka atakuuzia kizuizi kipya cha usukani, kile kishokomzoba kidogo cha pembeni. Hicho huficha ugonjwa tu. Fuata mpangilio huu: kwanza balansi ya matairi, na uondoe tope lililokauka ndani ya rimu. Halafu nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi za kingipini (kiungo ambacho gurudumu hugeukia) au za habu. Kisha shika kushoto na kulia: likicheza hapo, tazama mpira wa mwisho wa fito ya usukani. Mwisho, mtu azungushe usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, wewe ukitazama bushi za fito ya pembeni inayozuia ekseli isihame. Aliyeinua gari inchi mbili bila kurekebisha pembe ya ekseli ya mbele amejitafutia mtikisiko huo mwenyewe. Kwa maoni yangu Jimny haihitaji kuinuliwa kwa asilimia kubwa ya njia za Kenya. Matairi mazuri yanatosha.

Ukiwa chini hapo, futa lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele kwa kitambaa. Ukungu mwembamba wa grisi ni kawaida. Grisi nene iliyochanganyika na tope maana yake sili ya nje imekwisha. Ikiwa majimaji kama oili ya injini, sili ya ndani ya ekseli imepasuka na oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Hilo halingoji mwisho wa mwezi.

Nafasi haitengenezeki. Buti la milango mitatu ni lita 85, mikoba miwili ya sokoni, na kumpandisha mama mzee kiti cha nyuma ni kazi. Ya milango mitano, iliyozinduliwa India mwaka 2023, ina lita 208 na magurudumu ya mbele na ya nyuma yaliyoachana sentimita 34 zaidi, lakini injini ni ileile na tumbo linagusa mawe mapema zaidi. Tangi zote mbili ni lita 40. Kwa kilomita 11 kwa lita, jaza Isiolo kabla ya kuelekea Marsabit. Usitatue tatizo hilo kwa madebe juu ya paa: kitabu cha gari kinaruhusu kilo 30 tu huko juu, na mahema mengi ya paani yanapita hapo hata kabla hujalala ndani.

Kwa anayeagiza mtumba kutoka Japani, jina la hii ya cc 1,462 huko ni Jimny Sierra. Ile isiyo na neno Sierra ni ya cc 658 yenye turbo. Haiumizwi sana na mwinuko wetu, lakini kwa safari ndefu inachosha. Redio nyingi za Japani hazifiki stesheni zetu za juu, kifaa kidogo cha kubadilisha masafa kinamaliza hilo. Cha kuangalia kwa makini ni kutu, kwa sababu kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi. Lala chini ya gari na bisibisi, gonga fremu karibu na mahali springi za nyuma zinapokaa na pale fito za ekseli zinapofungwa. Sauti ikiwa butu, au ukikuta rangi nyeusi mbichi sehemu hizo tu wakati kwingine kumechakaa, tafuta gari lingine.