Je, wajua kwa nini Kanisa la kwanza lilikataza waumini kujipeleka kufa?

Hapa Malindi swali hili si la darasani. Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, imetolewa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Wengi walikufa kwa njaa, baada ya kuaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Mhubiri wao alifikishwa mahakamani akakana mashtaka. Hayo tuwaachie mahakimu. Lakini ibada ikiisha, watu wakiwa bado uani, hukosi kumsikia mmoja akisema: “Tuseme tusemavyo, wale walituzidi imani.”

Marehemu siwalaumu, walidanganywa. Ila kauli hiyo Wakristo wa karne za mwanzo, ambao mateso waliyajua hasa, wasingeikubali.

Yesu mwenyewe, katika Mathayo 10, anawatuma wanafunzi kama kondoo kati ya mbwamwitu, kisha anawaambia wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Paulo aliponyoka Dameski usiku, akateremshwa ukutani ndani ya kapu. Na Yerusalemu, askari walipokwisha kumfunga ili wamchape, aliwauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Wakamwacha. Hakuona aibu kuitumia sheria.

Kisa kinachonivutia zaidi kimo katika barua ambayo kanisa la Smirna, mji ulioko Uturuki ya leo, liliandika katikati ya karne ya 2. Mtu mmoja, Kwinto, alijitokeza mwenyewe kwa watawala na kuwashawishi wenzake wafanye vivyo hivyo. Alipowaona wanyama wa porini miguu ikamwisha nguvu, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu ya Kirumi. Barua inasema waziwazi kwamba kanisa haliwasifu wanaojipeleka, kwa kuwa Injili haifundishi hivyo.

Askofu wao, mzee Polikarpo, alifanya kinyume chake. Alikubali kuondoka mjini, akajificha shamba moja, kisha jingine. Askari walipomfikia jioni, aliagiza waandaliwe chakula na vinywaji, wale washibe, akaomba apewe saa moja tu ya kusali. Alisali saa mbili, na baadhi yao wakaanza kujuta kuja kumkamata mzee kama yule. Kesho yake, alipotakiwa kumtukana Kristo, alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 na hajawahi kukosewa naye. Hapo hakurudi nyuma hata hatua moja. Kukimbia alikimbia, kukana ndiko alikokataa.

Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa huko Misri, aliongeza sababu ambayo mimi naiona nzito kuliko zote: anayejitafutia kifo anamsaidia muuaji kutenda dhambi. Mkristo ameamriwa ampende adui yake. Atampendaje huku akimsukuma aue? Mwanzoni mwa karne ya 4, maaskofu waliokutana Elvira, Hispania, waliamua kwamba anayevunja sanamu za wapagani akauawa papo hapo asihesabiwe miongoni mwa wafiadini, yaani waliouawa kwa ajili ya imani. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, naye alisisitiza kwamba mfiadini hufanywa na sababu ya kufa kwake, wala si maumivu aliyoyapata. Ukiipima Shakahola kwa kipimo hicho, hakuna aliyekuwa amewataka wale watu wamkane Kristo. Njaa ile ilitoka kwenye mahubiri.

Lamu mambo ni mengine, kule adui alibisha hodi mwenyewe. Juni 2014 watu wenye silaha walivamia Mpeketoni na vijiji vya jirani, wakaua zaidi ya watu 60. Walionusurika walieleza jinsi wanaume walivyoulizwa dini yao kabla ya kupigwa risasi. Familia nyingi zililala vichakani. Je, hao waliokimbia walipungukiwa imani? Kwa Mathayo 10, hata kidogo. Walitii.

Swali gumu ni la yule ambaye, mtutu ukimwelekea, anatamka asichokiamini ili aishi. Nalo si jipya. Mwaka 250 mtawala Desio aliamuru watu wote wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka, na kila aliyetoa alipewa cheti. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua cheti bila kutoa chochote. Sipriani, askofu wa Karthago, mji uliokuwa Tunisia ya leo, alikuwa amejificha akiliongoza kanisa kwa barua, na walikuwepo waliomsema kwa hilo. Aliporudi, mkutano wa maaskofu wa mwaka 251 ulikataa msimamo wa wale waliotaka walioanguka, yaani waliotoa sadaka au kununua cheti, wafungiwe mlango moja kwa moja. Waliamua kila mmoja asikilizwe kwa hali yake: wa cheti cha kununua apokewe mapema zaidi, aliyetoa sadaka atubu kwa muda mrefu, lakini akiwa mahututi asinyimwe ushirika. Sipriani mwenyewe, zamu yake ilipofika mwaka 258, marafiki walimsihi akimbie tena. Safari hii alikataa, akisema askofu afie mjini mwake, mbele ya watu wake.