Cheo si levo: kupanga jeshi ndani ya kampeni yako

Jedwali lile lile limerudi tena. Sajenti levo ya 5, kapteni levo ya 10, kanali levo ya 15, jenerali levo ya 20. Karibu kila mwongoza mchezo wa kuigiza wa mezani anayetaka kutia jeshi kwenye kampeni yake, yaani hadithi anayoiongoza kikao baada ya kikao, huishia hapo, na kila mara madhara ni yale yale: jeshi linageuka ngazi ya wababe, kila mmoja anangoja kupigwa na mhusika aliyeangukiwa na dadu nzuri ili ampishe kiti. Tafadhali, lifuteni jedwali hilo.

Levo inaeleza mtu anaweza kufanya nini kwa mikono yake mwenyewe. Cheo kinaeleza ni watu wangapi watatenda anachosema, na nani atamuuliza wakifa. Ni vipimo viwili visivyokutana. Mzee wa levo ya 2, mwenye pointi 9 za uhai na goti bovu, anaweza kuwa kapteni halali wa watu 100. Shujaa wa levo ya 12 aliyeandikishwa jana ni askari kama askari wengine mpaka akabidhiwe watu.

Chanzo cha kosa nakielewa. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ilizaliwa kutoka michezo ya vita ya mezani, na humo kila levo ya mpiganaji ilikuwa na jina lake: levo ya 1 Veteran, ya 4 Hero, ya 8 Superhero, ya 9 Lord. Ukiyasoma haraka utadhani ni vyeo. Lakini Hero alihesabiwa kupigana kama watu wanne. Hakupewa watu wanne. Hata Lord alipaswa kwanza ajenge ngome ndipo aitwe Baron na kukusanya kodi. Ngome na kodi ndivyo vilivyomfanya mtawala, upanga ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Kuna mahali ambapo levo na cheo huwa kitu kimoja kweli, nisiwafiche. Katika kanuni za mchezo huo za mwaka 1978, druidi (makuhani wa msituni) wa levo ya 12 walikuwa 9 tu, wa levo ya 13 walikuwa 3, na wa levo ya 14 alikuwa mmoja. Aliyetaka kupanda alilazimika kumshinda aliyeko juu. Kwa chama cha siri cha msituni hilo linakubalika, hata linapendeza. Jeshi likifuata mtindo huo litamaliza makapteni wake kabla adui hajavuka mto.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kupita yote: kuchanganya cheo na wadhifa. Naona karatasi za wahusika zimeandikwa "Cheo: Kamanda". Kamanda si cheo. Tazama Tanzania: Kamanda wa Polisi wa Mkoa ni wadhifa, na anayeushika ana cheo chake mabegani, Kamishna Msaidizi au Kamishna Msaidizi Mwandamizi. Mkuu wa Majeshi ni wadhifa, cheo chake ni Jenerali. Akihamishwa, wadhifa unabaki kwenye kiti na cheo kinaondoka naye. Mezani tofauti hii ina faida kubwa, kwa sababu inakuzalishia migogoro bila hata jini mmoja. Meja anashikilia ngome kwa kaimu. Anafika kanali aliyejeruhiwa, mwenye cheo kikubwa lakini hana wadhifa pale. Langoni kuna wakimbizi. Nani anaamuru lango lifunguliwe? Meja ndiye mwenye ngome, na kanali ndiye anayepigiwa saluti. Kama karatasi yako ina mstari mmoja tu wa "cheo", swali hilo huwezi hata kuliuliza. Kwa hiyo weka mistari mitatu: cheo, wadhifa, na jina la anayempa amri. Mstari wa tatu ukiwa mtupu, huyo bado hayumo jeshini.

Kwa haraka, swali la Luteni Jenerali na Meja Jenerali, maana nalo huletwa kama ushahidi kwamba vyeo ni upuuzi. Meja anamzidi luteni, vipi Luteni Jenerali amzidi Meja Jenerali? Luteni kwa Kifaransa ni mshika nafasi, kwa hiyo Luteni Jenerali ndiye anayeshika nafasi ya jenerali mwenyewe. Meja Jenerali zamani alikuwa sajenti-meja-jenerali, na neno "sajenti" likadondoka njiani. Hakuna upuuzi wowote hapo.

Tuanze kujenga, na tuanzie chini. Ukianza na amiri utapata majina ya kifahari na pengo katikati. Anza na hema. Waroma walikuwa na kundi la watu 8: hema moja, jiwe moja la kusagia nafaka, nyumbu mmoja. Makundi 10 hayo yalifanya kenturia, watu 80 ingawa jina lake linatokana na mia. Kenturia 6 ni kohoti ya watu 480. Kohoti 10 ni lejioni, na kohoti ya kwanza ilikuwa na kenturia 5 zenye watu maradufu, ndiyo maana jumla inapita 5,000. Aliyeongoza kenturia ndiye Biblia ya Kiswahili inayemwita akida. Yule wa Kapernaumu alilieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya kanuni: yuko chini ya mamlaka, na ana askari chini yake. Cheo ni pande hizo mbili kwa pamoja.

Itazame kenturia kwa karibu. Akida yuko mbele. Msaidizi wake, optio, yuko nyuma ya safu, akiwarudisha wanaorudi nyuma. Mshika bendera, ambaye pia anatunza akiba za fedha za askari, kwa hiyo bendera ikianguka kila mtu anawaza mambo mawili. Mpiga baragumu. Na mmoja anayepokea neno la siri la usiku na kulisambaza kwa walinzi. Watu watano, kazi tano, na hakuna hata moja inayohitaji levo kubwa. Wape levo ya 1 hadi 3, inatosha kabisa. Huyo wa neno la siri ndiye wahusika wako watakayemtafuta wakitaka kupenya kambini usiku, na sasa unajua yupo.

Kila kiongozi asimamie wangapi, kumi au wanne? Wamongolia walihesabu kwa kumi, mia, elfu na elfu kumi. Majeshi ya leo humpa kiongozi vikundi vitatu au vinne avisimamie. Mimi nachagua kumi kwa jeshi la mikuki linalosimama bega kwa bega, kwa sababu kiongozi anawaona wote, na nne kwa jeshi lililotawanyika msituni au lenye wachawi. Hilo la wachawi nalikisia, kwa kuwa hakuna jeshi la kweli la kulipimia.

Majina. Mnakopa kapteni na luteni ilhali Kiswahili kina ghala lake. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani, alipoandikisha Wasudani huko Misri kwa ajili ya vita vya pwani, walikuja na vyeo vyao vya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Huyo efendi ndiye afande wetu wa leo. Na ombasha kwa Kituruki ni mkuu wa kumi, bimbashi ni mkuu wa elfu. Jina lenyewe ni hesabu! Mchezaji akiambiwa mara moja tu kwamba ombasha ana watu kumi, hasahau. Ukiongeza akida wa mia, jemadari na amiri, ngazi yako imekamilika na hujagusa neno lolote la Kiingereza. Angalizo moja: akida wa wakati wa Mjerumani alikuwa pia mkusanya kodi na msimamizi wa kilimo cha pamba, na chuki dhidi ya maakida ilichangia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ukilitumia jina hilo kwa jeshi linalokalia nchi ya watu, wachezaji wataelewa bila kuelezwa.

Au buni majina kutokana na kazi ya jeshi lenyewe. Majanisari wa dola ya Uthmaniyya walichukua vyeo vyao jikoni: mkuu wa kikosi aliitwa mtu wa supu, kijiko kilichomekwa kwenye kofia, na sufuria kubwa la kikosi lilikuwa na heshima ya bendera. Kulipindua lilikuwa tangazo la maasi. Jeshi lako linaheshimu nini kiasi hicho? Ukipata jibu, vyeo vitakuja vyenyewe.

Sasa amri inavyosafiri, ambapo kampeni nyingi hudanganya bila kujua. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons raundi moja, yaani zamu ya kila mmoja mara moja, ni sekunde 6, na mtu wa kawaida akikimbia bila kufanya jambo lingine anakwenda futi 60. Jemadari amesimama kilimani, futi 600 nyuma ya mstari, yaani mita 180 na ushei. Tarishi wake atafika baada ya raundi 10. Pambano mezani huisha raundi ya nne au ya tano. Kwa hiyo jemadari anayepiga kelele kilimani na kugeuza vita papo hapo ni uongo wa kanuni zako mwenyewe. Mwenye amri katika raundi hizo tano ni ombasha na akida, basi. Jemadari ameshafanya kazi yake asubuhi, alipoamua nani asimame wapi na nani awe akiba.

Kuna njia mbili za kumsogeza karibu. Ya kwanza ni baragumu: mapigo matatu au manne yaliyokubaliwa kabla, si zaidi. Songa, simama, rudi, akiba ije. Ukiweka kumi na mbili, wachezaji watachanganya, na askari nao wangechanganya. Ya pili ni uchawi wa Sending, ambao unapeleka maneno 25 umbali wowote na mpokeaji anajibu hapo hapo. Ni uchawi wa daraja la tatu, na mchawi wa levo ya 5 ana nafasi mbili tu za daraja hilo kwa siku. Jumbe mbili! Mchawi huyo asirushe moto kamwe. Mahali pake ni kando ya mnadhimu, msaidizi mkuu wa jemadari. Mwambie mchezaji aandike ujumbe wenyewe, kwa maneno halisi:

"Akida wa tatu, acha daraja. Rudi kisimani kwa hatua. Usiache majeruhi. Wa nne anakufunika kushoto. Ukifika, piga baragumu mara mbili. Jibu."

Maneno 21. Ndani yake mna anayeambiwa, afanye nini, aende wapi, nani anamlinda, na atatoaje taarifa. Tena Kiswahili kinatupendelea: "anakufunika" ni neno moja. Amri za hovyo huacha kipengele cha mwisho, na jemadari hajui kama ilitekelezwa.

Chakula nakigusa tu, maana hesabu yake ni fupi. Watu 480, takriban kilo moja ya nafaka kwa mtu kwa siku, siku 10: kilo 4,800. Nyumbu akibeba kilo 100, ni nyumbu 48, nao wanakula. Mkuu wa mizigo lazima awe na cheo kinachomzidi akida, la sivyo akida mwenye njaa atamnyang'anya funguo za ghala.

Wahusika wenyewe tuwaweke wapi? Hapa sina msimamo uliotulia. Ukiwatia ndani ya ngazi wanakosa uhuru, ukiwaacha nje jeshi linakuwa pazia la nyuma. Ninachopendekeza ni hati ya jemadari yenye mambo matatu: kazi moja, mwisho wa muda, na idadi ya askari wanaoweza kudai, tuseme 8 na ombasha wao. Inafaa kwa kundi la wachezaji wanne. Kwa saba naona inavurugika, kila mmoja anataka kuishika hati.

La mwisho ni mrithi. Andika majina matatu kwa kila wadhifa kabla ya mchezo kuanza. Wachezaji wataenda moja kwa moja kumuua jemadari, wakidhani jeshi litasambaratika. Akifa, walio karibu naye waduwae raundi moja, kisha mnadhimu ashike. Mstari wa mbele hautajua mpaka raundi ya 11. Lakini wakimuua mshika bendera na mpiga baragumu wa kenturia moja, hao 80 wanapoteza mahali pa kukusanyikia na sauti ya kuwaita. Waambie warushe dadu ya ujasiri raundi hiyo hiyo, optio akiwa nyuma na fimbo yake.