Kabla ya kopo la rangi: kuandaa nyumba ya kuuza Mwanza

Wenye nyumba wengi wanaonipigia simu huwa wameshanunua rangi. Makopo yamepangwa kibarazani, fundi keshaahidiwa Jumatatu, na mimi naulizwa jambo moja tu: krimu au kijivu? Huwa nawauliza na mimi: mvua ikinyesha, maji ya mlimani yanapita wapi?

Naandaa nyumba zinazouzwa, Nyamagana na Ilemela, na kadiri ninavyofuatana na wanunuzi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mnunuzi wa Mwanza anakagua maji. Awe katoka Geita na fedha za dhahabu, awe mtumishi anayehama Buzuruga kwenda Kiseke, macho yake yanashuka chini ya ukuta. Anafungulia bomba la jikoni. Anasimama mlangoni mwa choo na kuvuta pumzi. Rangi ataisifia kwa adabu, halafu atashusha bei kwa sababu ya doa moja nyuma ya kabati.

Graniti hainywi maji. Mvua ikipiga miamba ya Isamilo, Bugando au Mabatini, karibu yote inateremka, na kinachoipokea mara nyingi ni ukuta wa nyuma wa nyumba ya mtu. Kati ya mwamba na ukuta pana kijia ambacho familia imekigeuza stoo: mbao, matairi, ndoo zilizotoboka, tofali zilizobaki wakati wa ujenzi. Kazi ya kwanza ninayolipia ni kusafisha kijia hicho mpaka udongo uonekane, kisha kuchimba mtaro wenye mteremko, kuusakafia na kuupeleka nje kabisa ya nyumba. Kama kuna ukuta wa kuzuia mlima, tazama yale matundu ya kutolea maji. Karibu kila mara yamezibwa na majani na mifuko. Zibua kwa nondo, ukae pembeni, kwa sababu yanayotoka humo hayapendezi.

Ukiingia ndani, tafuta unga mweupe chini ya ukuta, ule unaobaki kidoleni ukigusa. Ni chumvi. Maji yamepanda kutoka ardhini kupitia tofali na plasta, yamekauka, yameiacha. Wengi huupaka rangi ya mafuta wakidhani ndiyo imara. Rangi ya mafuta inaufungia unyevu ndani, na baada ya muda ukuta unatoa malengelenge, tena pengine wiki ileile mnunuzi anapokuja mara ya pili na fundi wake. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya plasta.

Kama hujui unyevu unatoka wapi, chukua kipande cha nailoni safi, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani na kazi yako iko nje, kwenye mtaro. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo humo ndani: jiko, bafu, nguo zinazoanikwa chumbani. Hapo dawa ni dirisha. Nimeona watu wakibomoa plasta nzima kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kufungua madirisha asubuhi.

Ndiyo maana kalenda ni muhimu kuliko rangi. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayokuonyesha nyumba yako ilivyo, kwa hiyo tembea na tochi usiku wa mvua, uweke alama kwa chaki panapovuja. Juni rekebisha. Plasta mpya iache ikauke kama mwezi mzima kabla ya kuigusa kwa brashi. Julai na Agosti, kukiwa kukavu, piga rangi na uite wateja kabla vuli haijafika Oktoba. Anayekarabati Novemba na kuuza Desemba anapaka rangi juu ya ukuta unaokunywa.

Paa halihitaji maneno mengi. Bati nyingi zinavuja kwenye misumari, na mpira wa msumari uliochakaa ni rahisi kubadilisha kuliko dari iliyochafuka. Dari yenye duara la kahawia badilisha ubao wake. Ukilipaka tu, duara litarudi.

Mabomba yote yatoe maji siku ya kuonyesha nyumba. Kama mtaa wenu una mgao, hakikisha tenki limejaa tangu jana yake. Bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, iwe imelipwa na risiti iwepo. LUKU iwe na yuniti, maana mnunuzi atawasha kila swichi, na nyumba iliyoishiwa umeme mbele ya mgeni inaleta maswali ambayo hukuyatarajia. Kwenye LUKU hiyohiyo ndiko kodi ya jengo inakokatwa tangu 2021, kwa hiyo ukiulizwa unayo ya kuonyesha. Chemba ifunikwe kwa mfuniko mzima, na shimo la maji taka livutwe kabla. Harufu ya choo haifunikwi na marashi. Na siku hiyo dagaa wasikaangwe, nawaombeni. Nawapenda dagaa kama mtu yeyote wa kanda hii, lakini harufu yao inakaa kwenye pazia kuliko mpangaji mkorofi.

Mzee mmoja wa Isamilo alikuwa na jiwe uani, kubwa kuliko gari, na alitaka kulivunja kabla ya kuuza. Alikuwa ameshapatana na vijana wa kuchoma moto na kupiga nyundo. Nikamwambia, mzee, shikamoo, lakini hilo jiwe ndilo ninaloliuza. Tulifagia majani yaliyooza kwenye mikunjo yake, tukang'oa magugu, tukasugua madoa meupe ya mikojo ya pimbi kwa brashi ngumu, tukaweka benchi la saruji upande wa kivulini. Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu akaendelea kuota jua juu yake bila kuulizwa. Picha ya kwanza tuliyotuma kwa madalali ilikuwa ya jiwe hilo, na walioipokea walianza kuuliza kiwanja kina ukubwa gani kabla ya kuuliza vyumba.

Kwa nyumba za karibu na ziwa, Bwiru, Kirumba, Capri Point, kuna wageni wengine. Vidudu vya ziwani hutoka kwa wingi karibu na mwezi kuandama, vinafuata taa, vinakufa kwa lundo chini yake, na buibui wanafuata chakula. Ndiyo sababu kingo za dari za nje huwa na utando mzito wenye madoa meusi. Futa kwa ufagio mrefu siku mbili kabla, osha ukuta chini ya taa, na usiku wa kuamkia siku ya wateja zima taa za nje. Nyavu za madirisha zing'oe uzioshe uani. Wavu uliojaa vumbi unakula mwanga mwingi kuliko pazia.

Mwanga wenyewe una saa yake. Sehemu kubwa ya mji ziwa liko magharibi. Mchana ukisonga, jua linapiga maji, na picha ya kutoka sebuleni inakuwa nyeupe tupu. Piga asubuhi, saa tatu hadi saa tano, jua likiwa nyuma yako, ziwa litaonekana na rangi yake. Shika simu kwa usawa wa kifua, simama kwenye pembe ya chumba, ilaze. Madalali wanapenda kuisimamisha kwa ajili ya WhatsApp, na sebule ya watu wanane inageuka ujia.

Kupunguza vitu ni lazima, ila hapa natofautiana na ushauri wa nje. Kazi hii ya kuandaa nyumba za kuuza, kama biashara, inahesabiwa kuwa ilianzia Marekani miaka ya 1970 na Barb Schwarz, dalali wa jimbo la Washington, na wanaoifuata huko husisitiza kuondoa picha zote za familia ili mnunuzi ajione yeye ndani ya nyumba. Mwanza siziondoi zote. Mnunuzi wetu anaogopa tapeli kuliko anavyoogopa mapambo ya mtu, na picha ya harusi ukutani, pamoja na mama mwenye nyumba anayekaribisha watu mwenyewe, vinamtuliza. Tena kama ni nyumba ya ndoa, huyo mama idhini yake inahitajika kisheria, hivyo ni vizuri aonekane mapema. Ninachoondoa ni seti ya pili ya sofa, kabati la vyombo linaloziba dirisha, na friji mbovu iliyogeuzwa kabati la viatu.

Rangi sasa. Nje chagua inayostahimili mvua, na chini ya ukuta, kimo cha goti, weka rangi nzito zaidi kwa sababu tope la masika litaruka tu. Ndani, rangi ya maji, nyeupe yenye ukrimu kidogo. Kijivu kiko kwenye mtindo lakini kwenye chumba chenye dirisha dogo kinaleta huzuni. Jipsamu mpya, pevingi mpya na jiko jipya siwashauri wauzaji. Fedha hiyo hairudi yote, na mnunuzi ana chaguo lake.

Siku ya kuonyesha, fyeka nyasi mpaka beikoni zote, zile alama za mipaka ya kiwanja, zionekane. Mnunuzi anayeziona nne kwa macho yake haanzi kubahatisha mipaka na jirani. Hati au leseni ya makazi iwe nakala mezani, risiti ya kodi ya ardhi juu yake.

Na kama nyumba yako iko ufukweni kabisa, pima kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, wanunuzi wa ufukweni wanakuja na futi ya kupimia mfukoni. Ukikuta umo ndani ya mita hizo, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukajue hali ya kiwanja chako kabla ya kununua hata brashi.