Kitendawili Kisichotaka Mji

Tulipokuwa tukitazama sehemu ya saba ya tamthilia ya televisheni Twin Peaks, ile ya mwaka 2017, sebuleni kwangu, mtaani Ntinda, Afande alisimama akafunga dirisha, akaketi, kisha akasimama tena akalifungua. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, nasi tulikuwa tukitumia betri, huku jenereta ya jirani ikinguruma nyuma ya ukuta. Kwenye skrini, Ben Horne, mwenye hoteli, na msaidizi wake Beverly walikuwa wakizunguka ofisini taratibu, masikio wameyatega ukutani, wakitafuta mvumo ambao hawakujua ulikotoka. Afande alitaka kujua kama mvumo aliousikia yeye ulikuwa wa hoteli au wa jirani. Nilisimamisha picha, jenereta iliendelea kunguruma, lakini sauti nyingine, nyembamba zaidi na yenye mlio kama wa bakuli la shaba lililogongwa, ilitoweka. Kwa hiyo walikuwa wote wawili.

Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu na matangazo ya redio hapa Kampala, na kwa sababu hiyo wenzangu huniachia neno la mwisho katika mambo ya masikio, ingawa katika mambo ya hadithi hawaniachii hata neno la kwanza. Tunakutana mara moja kwa mwezi: Afande, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha kambini, Mwalimu, anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, mama mmoja mfanyabiashara aliyetokea Bunia, na kijana aliyewahi kuendesha kibanda cha video mjini Jinja. Mabishano yetu kwa kawaida huanza na swali la nani, yaani nani alifanya nini, nani ni pepo na nani ni mtu. Nimekuwa nikiwasihi waanze na swali la vipi, kwa kuwa naamini mengi tunayoyapigania katika tamthilia hii yalizaliwa na namna ilivyotengenezwa kabla ya kuwa na maana yoyote.

Mwalimu aliwahi kuilinganisha na kitendawili, nami sijapata mfano bora zaidi. Mtegaji husema "Kitendawili!", wasikilizaji huitikia "Tega!", na wakishindwa kutegua hudaiwa mji, wakiutoa, mtegaji hujisifu kidogo, kisha hufichua jibu. David Lynch na Mark Frost, waliobuni tamthilia hii, walitega chao tarehe 8 Aprili 1990, katika kituo cha ABC cha Marekani: binti wa shule, Laura Palmer, amekutwa ufukweni amekufa, amefungwa katika karatasi ya nailoni, na mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anafika katika mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada kumtafuta muuaji. Watu wapatao milioni 34 walitazama kipindi hicho cha kwanza. Lynch hakutaka jibu litolewe mapema, na pengine hakutaka litolewe kabisa, lakini kituo kilisisitiza, na tarehe 10 Novemba 1990 muuaji alionyeshwa. (Sitamtaja, maana yule mama wa Bunia bado yuko katika msimu wa kwanza na hupitia maandishi yangu.) Miaka mingi baadaye Lynch alikuwa bado akilalamika kwamba swali lile lilikuwa bata anayetaga mayai ya dhahabu, na kwamba wao walilazimishwa kumchinja. Watazamaji walizidi kupungua, na tarehe 10 Juni 1991 mfululizo ukakoma baada ya vipindi 30, hadi uliporudi mwaka 2017.

Katika kitendawili cha kawaida, wanaoshindwa ndio watoao mji. Hapa mtegaji mwenyewe ndiye aliyelazimishwa kutegua, na mchezo ukavurugika. Sisi wa Uganda hatupaswi kushangazwa na fumbo lisiloteguliwa. Filamu iliyoutangaza duniani mtaa wa Wakaliga wa hapa Kampala, ile ya mwongozaji Nabwana ya mwaka 2010, kichwa chake chenyewe kinauliza nani alimuua Kapteni Alex, na filamu inakwisha bila mtu yeyote kujua. Sijawahi kumsikia mtazamaji wa hapa akidai arudishiwe pesa kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye utengenezaji. Katika kipindi cha kwanza kuna tukio la chumba cha maiti ambamo Cooper anauchunguza mwili wa Laura chini ya taa inayowaka na kuzimika ovyo. Taa ile iliharibika kweli wakati wa kupiga picha. Mtengenezaji mwingine angesimamisha kazi na kumwita fundi, lakini Lynch aliipenda akaiacha. Katika tukio hilohilo Cooper anamwomba mhudumu awaache peke yao, na mhudumu, ambaye hakumsikia vizuri, anamtajia jina lake: "Jim." Kosa la mwigizaji, nalo likabaki. Kijana wa Jinja alikuwa ametunga maelezo marefu kuhusu jina hilo na uhusiano wake na ulimwengu wa mizimu, na nilipomweleza asili yake alinyamaza hadi chai ikapoa. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba habari kama hizi huua maana. Taa mbovu ya mwaka 1990 ilifungua njia ambayo umeme, nguzo zake na mvumo wake viliipita hadi vikawa mlango wa kupitia viumbe wa giza miaka 27 baadaye. Lynch hakuipanga ajali, lakini alijua kuisikiliza.

Ajali kubwa kuliko zote ni Frank Silva, mtu wa kupanga fanicha za seti, ambaye hakuwa ameajiriwa kuigiza. Siku moja alikuwa akisogeza vitu katika chumba cha kulala cha Laura, mtu mmoja akamwonya asije akajifungia ndani, na picha ya Silva amenaswa chumbani mle ikamwingia Lynch kichwani. Akamwambia ajikunyate kwenye upande wa miguuni wa kitanda, aangalie kupitia vyuma vyake, akampiga picha bila kujua angeitumia wapi. Usiku, walipokuwa wakirekodi tukio la mama yake Laura akikurupuka na kupiga mayowe, mwendesha kamera alisema picha imeharibika kwa kuwa kuna mtu ameonekana kwenye kioo. Lynch aliuliza ni nani. Alipoambiwa ni Frank, aliona amempata pepo wake. Ndivyo alivyozaliwa BOB, kiumbe ambaye mashabiki wamemchambua kwa zaidi ya miaka 30 kana kwamba aliandikwa katika kitabu cha kale. Ukisimamisha picha mahali penyewe utamwona, juu ya bega la mama, kama mtu aliyekosea nyumba.

Sasa jambo ninaloliweza zaidi, ambalo ni usemi wa Chumba Chekundu. Kila shabiki anaikumbuka ndoto ya Cooper: mapazia mekundu, sakafu yenye mistari ya kuyumbayumba, mtu mfupi aliyevaa suti nyekundu, na maneno yanayosikika kana kwamba yanatoka chini ya maji. Wengi hudhani ni sauti iliyogeuzwa tu. Iligeuzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kinywa na ya pili kwa mashine. Mwigizaji alijifunza kuitamka sentensi kinyumenyume, sauti kwa sauti, akaitamka hivyo mbele ya kamera huku akitembea kinyumenyume pia, kisha filamu ikachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Michael J. Anderson, aliyeigiza yule mtu mfupi, alikuwa na bahati ya kuujua mchezo huo tangu shuleni, ambako yeye na wenzake waliutumia kama lugha ya siri.

Waswahili tunayo lugha ya siri ya namna hiyo, ile ya kinyume, ambayo vijana hutumia kuwaficha wakubwa mambo yao, ambamo chakula huwa "lachaku". Tofauti ni kwamba kinyume chetu huhamisha silabi na kuziacha zenyewe salama, ilhali Chumba Chekundu hupindua pumzi yenyewe. Tukitamka "t" au "k", kinywa huifunga hewa kwanza, kisha huiachia kwa kishindo kidogo. Ukiigeuza, kishindo hutangulia na ukimya hufuata. Irabu nazo, ambazo kwa kawaida huanza kwa nguvu na kufifia, huanza kwa kufifia, zikavimba, kisha zikakatwa ghafla. Sikio hulitambua neno lakini hulishuku, na shaka hiyo ndiyo Lynch aliyoitaka.

Ili kuwathibitishia wenzangu, nilimrekodi Mwalimu akisema "nitakuona tena", maneno yanayokaribia yale ambayo Laura anamwambia Cooper kuhusu miaka 25 ijayo. Kompyuta ilipoigeuza sauti, tulisikia kitu kama "anet anoukatin". Mwalimu alikwenda jikoni akaikariri kwa dakika ishirini, akarudi akaitamka, nami nikaigeuza. Maneno yalieleweka. Lakini jambo moja hatukulitarajia: kwa mazoea ya Kiswahili, Mwalimu alikuwa ameweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ya lile neno la bandia, yaani "ka", na neno lilipogeuzwa mkazo ukaangukia kwenye "ta" ya wakati ujao: ni-TA-kuona. Afande alisema inasikika kama mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni. Mama wa Bunia alisema hapana, inasikika kama mtu anayetishia. Nilirudia mara tatu, na kila mara nilikubaliana na wa mwisho kusema.

Kijana wa Jinja ana hoja inayonishinda. Katika vibanda vya video, VJ huizungumzia filamu moja kwa moja, akaitafsiri kwa Kiluganda, akawapa waigizaji majina ya hapa na kueleza kinachokuja kabla hakijafika. Anasema VJ haruhusiwi kunyamaza, kwa sababu akinyamaza watu hudhani hajui. Afanye nini basi na sehemu ya nane ya mwaka 2017, inayorudi hadi tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico, bomu la kwanza la nyuklia likalipuka, na kamera ikaingia polepole ndani ya wingu huku fidla za Penderecki, mtunzi wa muziki wa Poland, zikilia, dakika nenda dakika rudi bila mtu kusema neno? Nilimjibu kwamba VJ mzuri angenyamaza. Alicheka, akasema kibanda kizima kingetoka nje kutafuta rolex, chapati yetu ya kuviringishiwa mayai. Nadhani yuko sahihi kuhusu kibanda, lakini kuhusu sehemu ya nane sijamkubalia, na ubishi huo umetuchukua vikao viwili.

Ninachoweza kumwomba shabiki yeyote, awe na nadharia au asiwe nayo, ni kuitazama tena sehemu ya 18 akiwa na hedifoni. Cooper amemleta mwanamke anayefanana na Laura mbele ya nyumba ya akina Palmer, usiku. Mwenye nyumba ni mtu mwingine. Wanarudi barabarani, Cooper anauliza huu ni mwaka gani, na mwanamke hajibu. Kisha, kwa mbali sana, sauti ya mama inaita "Laura". Niliiweka sauti hiyo kwenye mstari mmoja wa programu yangu, na kwenye mstari wa pili nikaweka sauti ya Sarah Palmer katika kipindi cha kwanza cha mwaka 1990, asubuhi anapomwita bintiye ambaye hataamka. Kwa masikio yangu ni mwito uleule. Baada yake linakuja yowe, na taa zote za nyumba ile zinazimika kwa mlio wa umeme.

Siku tuliyoimaliza sehemu hiyo, Mwalimu aliwatazama wenzake akauliza kama yuko tayari mtu kutoa mji. Afande aliomba irudishwe nyuma dakika mbili.