Kifo Cheusi: tauni iliyopandisha bei ya kibarua

Kifo Cheusi ni wimbi la tauni lililoisomba Ulaya kati ya mwaka 1347 na 1351. Makadirio yanatofautiana, lakini wanahistoria wengi wanasema lilizoa kati ya theluthi na nusu ya wakazi. Viko vijiji vilivyogeuka mahame.

Chanzo chake ni bakteria aitwaye Yersinia pestis, anayeishi kwa panya na wanyama wa jamii yake. Msafirishaji ni kiroboto. Akishanyonya damu yenye ugonjwa, bakteria huzaliana tumboni mwake hadi wakaziba njia ya chakula. Mdudu anashinda njaa, anauma na kuuma tena, na kila akinyonya damu inakwama, anaitapikia kidondani pamoja na bakteria. Panya wakiisha kufa, viroboto wanamgeukia binadamu. Siku chache baadaye homa inapanda na mitoki inavimba kinenani, kwapani au shingoni. Bila dawa, wengi hawamalizi wiki mbili. Ugonjwa ukiingia mapafuni ni balaa zaidi: kikohozi kinatosha kuambukiza, kiroboto hahitajiki tena.

Tauni ilifuata njia za biashara. Ilipofika Caffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa (mji wa Italia) huko Krimea, ilipanda melini, na Oktoba 1347 ikashuka Messina, kisiwani Sisilia. Mwaka uliofuata ilikuwa Florence, Paris na kusini mwa Uingereza. Ng'ambo ya bahari nako hakukupona: Ibn Khaldun, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, akiwa kijana mjini Tunis, Afrika Kaskazini, alifiwa na baba na mama.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Paris, walipoulizwa na mfalme wa Ufaransa, walijibu kwamba sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi zilikutana angani Machi 1345 zikachafua hewa. Jibu hilo angalau halikumdhuru mtu. Uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani ndio ulioua. Strasbourg iliwachoma moto mamia yao Februari 1349, kabla hata tauni haijaingia mjini, na ingawa Papa Klementi wa Sita alikwisha kueleza kuwa Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa uleule.

Athari za kidini na za sanaa zimesimuliwa sana. Mimi navutiwa zaidi na habari ya ujira, na Uingereza ndiko inakoonekana vizuri. Mashamba yalibaki yaleyale, mikono ikapungua. Kibarua aliyesalimika alijua thamani yake: bwana huyu akibana, anahamia kwa jirani, na jirani anampokea bila maswali. Mabwana wakakimbilia sheria. Amri ya 1349 ilimlazimisha kila mwenye nguvu, wa chini ya miaka 60 na asiye na njia nyingine ya kuishi, afanye kazi kwa ujira wa kabla ya tauni. Sheria ya 1351 ikaingia hadi jikoni kwa watu: mkata majani asipokee zaidi ya peni 5 kwa siku, fundi seremala peni 3, na vibarua waape kuitii mara mbili kwa mwaka. Anayekataa afungwe kwenye mikatale, nayo iliagizwa itengenezwe katika kila mji.

Ilisaidia kidogo tu, maana hata mabwana wenyewe waliivunja sheria. Mavuno yanaoza shambani, nani atahesabu peni? Mwaka 1363 Bunge likajaribu njia nyingine, likapanga nani avae kitambaa cha bei gani, kwa kuwa watu wa chini walikuwa wameanza kuvaa vizuri mno. Sheria hiyo ilifutwa haraka.

Kinyongo cha sheria hizi kilikutana na kodi ya kichwa mwaka 1381. Wakulima wa Kent na Essex waliingia London, wakadai utumwa wa mashambani ukomeshwe. Kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme mwenye miaka 14 na maasi yakazimwa. Ujira, hata hivyo, uliendelea kupanda.