Paningi: gari limetulia, barabara ndiyo inayokimbia

Paningi ni kupiga picha ya kitu kinachokwenda huku ukigeuza kamera kwa mwendo wa kitu hicho, na shata (mlango mdogo unaoruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera) ikikaa wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyozoea. Gari linabaki mahali pamoja ndani ya fremu, kwa hiyo linatoka kali. Miti, kuta na lami, ambavyo havikusogea hata kidogo, ndivyo vinavyochorwa mistari. Mwendo unaouona kwenye picha ni wa kamera yako.

Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Wanasikia gari linakwenda kasi, wanaweka shata 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila kitu kinaganda. Gari la kilomita 40 kwa saa husafiri mita 11 kwa sekunde; katika 1/1000 linasogea sentimita 1 tu. Picha ni safi, haina kasoro, na gari linaonekana limeegeshwa katikati ya barabara.

Magurudumu ndiyo mashahidi. Tairi la gari dogo la kawaida lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwa kilomita 40 linazunguka mara tano na nusu kwa sekunde. Kwenye 1/500 rimu inageuka nyuzi 4, na jicho halioni kitu. Kwenye 1/60 inageuka nyuzi 33, kwenye 1/30 nyuzi 67. Rimu ya mikono mitano ina nyuzi 72 kati ya mkono mmoja na mwingine, kwa hiyo kwenye 1/30 mikono inakaribia kuungana na kuwa sahani inayong'aa, na kwenye 1/60 bado unaihesabu lakini imevutika. Kanuni ya kuanzia ni nyepesi: chukua mwendo wa gari kwa kilomita, uuweke chini ya moja. Gari la 60, shata 1/60. La 40, 1/40. Ila mkono usiozoea uanze na 1/125, ushuke hatua moja kila unapopata picha tatu au nne za kuridhisha.

Sasa hesabu inayoeleza kwa nini picha nyingi zinaharibika. Simama mita 10 kutoka kwenye njia ya gari, lenzi ya milimita 50, sensa (kipande kinachopokea picha) kubwa, ya upana wa milimita 36 na pikseli 6,000, gari la kilomita 40, shata 1/60. Mandhari ya nyuma itavutika kama pikseli 150. Hiyo ndiyo mistari unayoitaka. Lakini ukigeuza kamera polepole kuliko gari kwa sehemu moja tu ya kumi, gari lenyewe linapata ukungu wa pikseli 15, na hapo namba haisomeki tena. Ukishusha hadi 1/30 mistari inakuwa maradufu, na kosa lako nalo maradufu. Kwa hiyo shata ya polepole haikupi uzuri wa bure. Inadai kiuno chenye adabu zaidi, maana ndicho kinachozungusha kamera.

Kuna kosa jingine ambalo si la mkono. Mlango wa gari unatoka kali, taa za mbele na buti zina ukungu kidogo. Mtu anadhani lenzi yake mbovu. Sababu ni umbali: ukiwa karibu, pua na mkia wa gari haviendi sawasawa na katikati yake mbele ya kamera inayozunguka. Kwa mfano wetu wa mita 10, ncha za gari la mita nne na nusu zinapata ukungu wa karibu pikseli 8 hata kama umelifuata bila kosa. Rudi nyuma hadi mita 20 ukiwa na lenzi ya milimita 100: gari linajaza fremu vilevile, mistari ya nyuma inabaki na urefu uleule, lakini ukungu wa ncha unashuka hadi pikseli 2. Ukiwa na nafasi, rudi nyuma. Daima.

Nafasi hiyo Dar es Salaam si kila mahali ipo. Kumbuka tunaendesha kushoto. Ukisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu ukitazama barabara, magari ya upande wako yanatokea kulia kwenda kushoto, yako karibu mno, na unaona upande wa abiria. Magari ya upande wa pili yanatokea kushoto, yako mbali kwa kiasi kinachofaa, na unaona upande wa dereva. Shida ni kwamba ya huku yanakukinga. Mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro ni mwalimu mzuri: yana njia yake katikati, mwendo wao haubadilikibadiliki, na ubavu wa basi ni mrefu kiasi kwamba fokasi haikosi pa kushika. Daladala ni mtihani, kwa sababu hujui itasimama wapi. Epuka kipande chenye tuta au viraka. Gari linapodunda, linapanda na kushuka ndani ya fremu, na ukungu wa juu-chini hauponi kwa kiuno wala kwa kompyuta.

Angalia pia kilichoko nyuma. Mbingu tupu haina cha kuvutika, na ukuta uliopakwa rangi moja ni vivyo hivyo. Barabara ya Toure, upande wa Coco Beach, ina minazi, vibanda na watu wa rangi rangi. Hapo mistari inajaa. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ni zuri kwa macho, lakini ukilipiga kutoka chini gari linabaki na mbingu na bahari nyuma yake, na picha inarudi kuwa ya gari lililoegeshwa. Ajabu ndogo ya paningi ni kwamba mnazi ulio mita 20 na ghorofa lililo kilomita moja vinavutika sawasawa, kwa sababu kinachosogea ni mzunguko wa kamera tu. Hii ndiyo tofauti yake na picha ya gari kwa gari, ambapo mpiga picha yuko ndani ya gari lingine linalokwenda sambamba. Huko vya karibu vinafutika kabisa na vya mbali vinabaki vimesimama. Ukijua hili utatambua picha ilipigwaje bila kuuliza. (Na ya gari kwa gari isifanywe kwa kuning'inia dirishani. Mkanda ufungwe, barabara iwe tupu.)

Mwanga wa Dar ni tatizo la kweli. Jua la saa 6 mchana liko karibu utosini, na kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kamera inataka shata ya kama 1/100. Ukitaka 1/50 unasukumwa hadi f/22, na huko picha yote inalegea, halafu kila chembe ya vumbi kwenye sensa inajitokeza kama doa. Kioo cheusi cha ND8 kinapunguza mwanga mara nane. 1/50 yako inakaa kwenye f/8, mahali ambapo lenzi nyingi zina afya. Kisipokuwepo, kioo cha kukata mng'ao kinasaidia kwa hatua moja na nusu hivi (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na kinaondoa weupe wa kioo cha mbele cha gari. Kisipokuwepo hicho pia, subiri saa 11 jioni. Ufukweni futa lenzi mara kwa mara, chumvi ya hewani inatia utando.

Kamera iwe kwenye hali ya kuchagua shata, inayoandikwa S au Tv. Fokasi iwe ya kufuata, upigaji uwe wa mfululizo. Kizuia mtikisiko kiweke kwenye hali ya pili kama lenzi ina swichi hiyo, maana hali hiyo inaacha mwendo wa ulalo na kutuliza wa juu-chini tu. Lenzi ya zamani isiyojua kutofautisha hushindana na mkono wako, izime. Shata iwe ya mitambo, si ya kielektroniki: ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, nguzo za umeme zikatoka zimelala upande na mikono ya rimu ikapinda. Simu karibu zote zina tabia hiyo. Kwa simu ingia kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, weka 1/30 au 1/60, na piga jioni, kwa kuwa tundu la lenzi yake mara nyingi halibadiliki na mchana picha itaungua.

Mwili sasa. Miguu ielekee pale unapotaka picha itokee, si pale gari linapotokea. Kisha jikunje kiunoni kulifuata lingali mbali. Hivyo unapofika katikati mwili unajikunjua na uko kwenye utulivu wake. Viwiko vibane mbavu. Chagua alama moja kwenye gari, kioo cha pembeni au kona ya taa, na usiiachie kutoka kwenye nukta ya fokasi. Bonyeza taratibu karibu na usawa wako, piga nne au tano, halafu endelea kuzunguka hata baada ya kuachia. Anayesimama pale pale anapobonyeza huharibu picha ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo ingekuwa nzuri. Na kwa kuwa jicho lako liko ndani ya kamera, mkanda uwe shingoni na mwenzako awe nyuma yako. Bodaboda inayopita karibu mno si kila mara imekuja kupigwa picha.

Ukirudi nyumbani, kazi ya kwanza ni kutupa. Kuza picha hadi asilimia 100 na usome namba ya gari. Namba ikisomeka, bakiza. Ikiwa na vivuli viwili, futa hata kama mistari ni mizuri. Picha 60 zikibaki 3, kazi imekwenda vizuri. Nyoosha mstari wa barabara, kata fremu ukiacha nafasi mbele ya gari kuliko nyuma, shusha mwanga uliokithiri kwenye paa (magari meupe hapa ni mengi, na paa ndilo linaloungua kwanza). Kunoa kingo kufanyike kwenye gari peke yake kwa kutumia maski, yaani kufunika sehemu zisizohusika. Ukinoa picha nzima, mistari inaota chengachenga. Madoa ya vumbi tafuta kwenye mbingu na lami.

Wapo wanaopiga 1/1000 na kutengeneza mwendo kwenye Photoshop. Inawezekana, ila kazi yake ni ndefu kuliko kujifunza kuzungusha kiuno. Ukitia ukungu kwenye mandhari kabla ya kuliondoa gari kwenye tabaka la chini, rangi ya gari inavujia nje na kuliwekea mwanga wa ajabu kuzunguka kingo. Kisha magurudumu yanahitaji ukungu wa kuzunguka, si wa ulalo. Mandhari inayoonekana kupitia madirisha nayo ivutike. Kivuli chini ya gari kinasafiri na gari, kwa hiyo kingo zake zibaki, lakini lami iliyo ndani ya kivuli hicho iwe na mistari. Sehemu ambayo karibu kila mtu husahau ni taswira ya miti kwenye ubavu wa gari lililong'arishwa: katika paningi halisi miti hiyo nayo inateleza juu ya rangi, na kwenye ya kutengeneza imesimama wima, majani yanahesabika.