Neighbours si video iliyokimbizwa

Kila muhula nawaonyesha wanafunzi wangu wa uhuishaji filamu fupi ya Neighbours, aliyoitengeneza Norman McLaren nchini Kanada mwaka 1952, na kila muhula hakosi wa kuniambia: "Mwalimu, hii si animesheni. Ni watu halisi, video imekimbizwa tu." Wiki hii nimeisikia mara tatu.

Hapana! Wale majirani wawili wanaogombea ua lililoota mpakani walitumiwa kama vikaragosi. Kamera ilipiga fremu moja, ikasimama, waigizaji wakasogea kidogo, ikapiga nyingine. Mara nyingine kamera iliendeshwa polepole, nao wakaigiza polepole kwa kipimo hichohicho, ndiyo maana miondoko yao ina kigugumizi ambacho kukimbiza video hakukupi. Watazame wanavyoelea juu ya nyasi baada ya kunusa ua. Mwigizaji aliruka, akapigwa picha akiwa juu kabisa, akatua, akasogea, akaruka tena. Sekunde moja ya filamu hula fremu 24. Hesabu mwenyewe miruko. Ukiendelea kubisha, chukua simu, mwombe mwenzako aruke mara kumi na mbili, kila mara nusu hatua mbele, kisha uziunganishe picha. Hilo ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na sijaona aliyelifanya akarudi na ubishi uleule.

Wengine husema ilishinda Oscar ya uhuishaji. Ilipewa ya filamu fupi ya hali halisi. Waliotoa tuzo ndio waliokosea, nasi tusirithi kosa lao.

Muziki nao si wa kinanda cha umeme. McLaren alizipiga picha kadi zenye mistari, picha zikaingia kwenye njia ya sauti, yaani ule ukanda mwembamba wa pembeni mwa filamu ambao projekta huugeuza kuwa sauti. Mistari ikisongamana, sauti inakuwa nyembamba.

Na wazazi, tafadhali, msiiite katuni ya watoto. McLaren alikuwa China mwaka 1949 akifanya kazi ya UNESCO, akawapenda watu wa huko. Muda mfupi baada ya kurudi, Vita vya Korea vikawageuza Wachina hao kuwa adui wa Kanada. Hasira hiyo imo ndani ya filamu: kila jirani anafikia kumuua mke na mtoto wa mwenzake. Kipande hicho kiliwahi kuondolewa ili filamu ikubalike kwa wasambazaji, kikarudishwa wakati wa Vita vya Vietnam. Kuna walioniomba nikiruke darasani. Sikiruki.